Nyumba Iliyodaiwa Mvua

Mtu wa pwani akifika Mwanza anahisi kuna kitu kimepungua hewani, asijue ni nini. Mimi nilikigundua asubuhi ya pili, nimesimama mkabala na Jiwe la Bismarck na kikombe cha kahawa chungu mkononi. Upepo ulitoka majini, mawimbi yalilamba mawe, mitumbwi iliyumba kwenye kamba zake, na macho yangu yote mawili yaliniambia hii ni bahari. Nikalamba midomo. Hakuna chumvi.

"Bahari yenu mmesahau kuitia chumvi," nikamwambia muuza kahawa.

Akanimiminia kikombe cha pili bila kuulizwa. "Sisi tunaiogea na kuinywa humuhumu, kaka. Nyie wenye chumvi mnakunywa nini?"

Sikuwa na jibu, nikageukia mawe. Kila aliyewahi kuandika juu ya Mwanza ameyaandika mawe yake, na mimi sina ubavu wa kuyaruka. Yamepandana mgongoni mwa vilima kana kwamba jitu lilikuwa linacheza bao, likaitwa kula, likaacha kete zimetapakaa. Kule Igogo na Mabatini watu wamejenga katikati yake: jiwe moja ni ukuta wa jikoni, la pili ni kiti cha wazee, la tatu ni uwanja wa kuanikia nguo. Hili la majini, lililosimama juu ya mwenzake kwa namna ambayo fundi yeyote angekataa kuitia sahihi, Wajerumani walilibandika jina la chansela wao, mtu ambaye hakuwahi kulitia machoni. Jina limeganda. Jiwe halionyeshi kujali.

Majina ya huku yana visa. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika hapa akitokea Kaze, Tabora ya leo, akayaona maji haya kwa mara ya kwanza na kuyapa jina la malkia wake. Lakini wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Tabora walikuwa na jina lao. Ziwa zima waliliita Ukerewe. Hebu lipime hilo: maji yanayogusa nchi tatu za leo, makubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, kuitwa kwa jina la kisiwa kimoja. Kisiwa hicho kilikuwa na wenyewe, ukoo ulioitwa Abasilanga, na mimi nilikuwa nimepanda basi kutoka Tanga kuja kuitazama nyumba yao.

Kabla ya meli, samaki. Huwezi kuondoka Mwanza bila kupita Kirumba mwaloni, na ukipita huwezi kuondoka na harufu uliyokuja nayo. Mwalo wenyewe unaamka kabla ya jua. Dagaa waliokauka wamejazwa kwenye viroba hadi viroba vinasimama vyenyewe kama watu wanene, na kila unapokanyaga kuna vumbi la fedha linang'aa kwenye kandambili. Wachuuzi wanachota kiganja, wanapuliza, wanatafuna mmoja, wanakunja uso: mchanga. Aliyeanikwa juu ya chanja ana bei yake, aliyeanikwa mchangani ana bei yake, na ulimi ndio mzani. Upande wa pili ni kayabo, sangara aliyepasuliwa akatiwa chumvi mpaka akawa mgumu kama ubao, anasubiri malori ya kwenda Kongo. Huyo ndiye aliyenipa chumvi yangu ya kwanza tangu nifike.

Mama mmoja alinionyesha mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, vyeupe, laini. Vinasafirishwa hadi China, na kwa uzani vina thamani kuliko samaki mwenyewe. Aliyashika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika hereni. "Zamani tulikuwa tunatupa," akasema, akacheka kicheko cha mtu anayejihesabia hasara.

Juu ya mapaa walikuwa wamejipanga wale korongo wakubwa wenye vipara, mikono nyuma, kama mahakimu waliostaafu. Nikanywa supu ya sato kwa chapati, pilipili ikanitoa machozi, na kila aliyepita akanisalimia. "Mwangaluka!" Nikajibu hivyohivyo, maana nilishaambiwa kwamba Msukuma hajali umeitikia vizuri au vibaya, mradi umeitikia. Mtu akigundua kwamba wewe ni mgeni hakuachi. Ananyanyuka, anakuuliza umetoka wapi, wamelalaje huko, mvua imenyesha?

Mvua. Ilikuwa Novemba katikati na vuli ilikuwa imechelewa. Niliulizwa habari ya mvua ya Tanga mara nne kabla ya saa mbili na nusu.

Meli ya Nansio iliandikiwa kuondoka saa tatu. Sitaitaja jina, kwa sababu ilinitesa kidogo na bado naipenda. Saa tatu ilitukuta tumekaa juu ya mizigo yetu. Saa nne ilitukuta tumefahamiana. Nilijua ni nani anampelekea mama yake godoro, ni nani ameachwa na mchumba, na jogoo aliyefungwa miguu karibu na kiatu changu alikuwa mahari au sehemu ya mahari, wenye jogoo hawakukubaliana. Hakuna aliyepandisha sauti. Kijana wa tiketi alipita akasema "tunaondoka sasa hivi" kwa upole uleule mara tatu. Tulipong'oa nanga saa tano kasorobo, abiria walipiga makofi kana kwamba nahodha ametufanyia hisani.

Mwanza inapendeza zaidi ukiiacha. Kapripointi inajikunja nyuma, mapaa yanapungua, mawe yanabaki. Kisha maji yanabadilika kutoka rangi ya chai hadi kijani, na kutoka kijani hadi rangi ambayo Kiswahili changu cha pwani kilitaka kuiita buluu ya bahari, nikaizuia. Magugumaji yanaelea kwa mafungu, kila fungu na ndege wake mmoja aliyesimama juu kama nahodha. Mbali, juu ya upeo, moshi mweusi ulipanda wima kutoka majini. Nikashtuka. "Si moto," akasema dada aliyekaa mbele yangu. "Ni wadudu. Wanatoka majini maelfu kwa maelfu. Ukipita ndani yake funga mdomo."

Maboya ya kuokolea yalikuwa yametundikwa juu ya vichwa vyetu, na niliona watu wanayahesabu kwa macho. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, kisiwa jirani na Ukerewe, na watu 228 wakafa. Hakuna aliyelizungumza tukio hilo. Dada yule alitazama upande wa kaskazini kidogo, kisha akafungua mfuko wake.

Ndani yake mlikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani, akavichemsha na karanga za kusaga. Akanigawia kwenye kifuniko cha kopo. Michembe ni chakula cha mtu asiyeiamini mvua: viazi vya mwaka wa neema vimewekwa kwa ajili ya mwaka wa njaa. Vinatafunika polepole, na utamu wake unakuja mwisho kabisa, umeshakata tamaa. Nikamwambia naenda Bukindo, kwenye ile nyumba.

"Kwa mtemi," akasema, kama vile mtemi angekuwepo barazani.

Alinifundisha salamu ya Kikerewe, *kampire sura*, akanisahihisha mara tano, abiria wa benchi zima wakachukua upande, nusu wakasema nimeweza na nusu wakasema niongeze michembe kwanza.

Nansio ilitupokea saa nane mchana na jua la kuchoma utosi. Ni mji mdogo wenye soko kubwa: machungwa yamepangwa piramidi, muhogo mkavu umepondwa unga mweupe unaopeperuka, samaki wa kubanikwa wamejikunja mkia mdomoni. Ugali wa muhogo wa Ukerewe unavutika na kuteleza. Unaukata, unaugeuza, unachovya kwenye mchuzi wa sato wenye ndimu na nyanya, na usipouharakisha unakuponyoka. Nilidondosha tonge moja kwenye shati. Mwenye mgahawa alileta maji ya kunifutia na kipande kingine cha samaki, akasema hicho ni cha shati.

Kijana wa bodaboda tuliyepatana naye alikuwa mnyamavu mpaka tulipotoka mjini, ndipo akaanza kuzungumza na hakunyamaza tena. Barabara ni nyekundu, inapanda na kushuka kati ya mawe na mihogo na miembe mikubwa ambayo chini yake kuna daima mtu amekaa. Vumbi lilitufunika tukawa ndugu. Kilomita chache kabla ya Bukindo gurudumu la nyuma likalia, tukashuka. Watoto sita walitokea kusikojulikana, mmoja na pampu. Wakati wa kuziba pancha bibi mmoja alitoka na kigoda, akakiweka kivulini, akanionyesha nikae. Shikamoo, marahaba, *kampire sura*. Alitabasamu, akajibu kirefu, nami sikuelewa hata neno, tukaendelea hivyo kwa furaha dakika kumi. Kisha akanyoosha mkono kuelekea wingu jeusi upande wa mashariki, akauliza kitu.

"Anasema umekuja nalo?" akatafsiri kijana wangu.

Nikasema ningependa kusema ndiyo.

Tukafika. Nyumba ya Bukindo imekaa juu ya uwanda wenye miti mirefu. Ni nyumba kubwa ya mtindo wa Kizungu iliyojengwa enzi za ukoloni, yenye baraza pana na kuta nene ambazo chokaa yake imechoka. Ukikaribia unapokewa kwanza na harufu ya popo na mbao kuukuu, kisha na ubaridi. Mjusi wa rangi mbili alitupisha mlangoni bila haraka, kama mwenyeji. Niliweka kiganja ukutani: juu ya ngozi ya chokaa kulikuwa na ufa mwembamba, na ndani ya ufa chungu wanapanda na kushuka kwa mstari, wamebeba kitu cheupe. Hao ndio niliowakuta na shughuli.

Mzee aliyetupokea alileta viti viwili barazani, akaagiza chai, akakaa akitazama wingu lile. Tulikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi na hatukuzungumza historia kwa muda mrefu. Tulizungumza mihogo yake, bei ya dagaa, watoto wake walioko Dar. Ni mimi niliyekuwa na haraka, naye alinisubiri iishe.

Abasilanga hawakuota Ukerewe. Simulizi za kisiwa zinasema walikuja kwa mitumbwi katika karne ya 17 hivi, wakiongozwa na Katobaha, wakitokea Ihangiro, ng'ambo ya magharibi, upande wa Muleba ya leo. Waliwakuta watu, wakakaa nao, na kidogo kidogo wakawa ndio wenye ngoma. Mtawala wao aliitwa omukama. Wengi tukisikia mfalme tunafikiria mtu wa kukusanya kodi na kupigana vita. Hayo yalikuwepo. Lakini kazi ya kwanza ya omukama ilikuwa juu mawinguni. Mvua ilikuwa deni lake. Ikinyesha kwa wakati, yeye ndiye. Ikigoma, pia ni yeye, na ukame uliozidi uliweza kumng'oa kitini. Sijui kama kuna mheshimiwa wa leo ambaye angeomba kura kwa masharti hayo.

Utajiri wao ulianzia kwenye vitu vidogo. Kisiwa kina nafaka na samaki mkavu. Ng'ambo ya kusini Wazinza na Warongo wana chuma na majembe. Pwani za ziwa zina ngozi na mifugo. Mwenye mitumbwi na mabaharia hodari anakuwa katikati ya wote hao. Karne ya 19 ilipoanza, katika siku za omukama Mihigo wa pili, pembe za ndovu zilianza kuondoka Ukerewe kwenda Unyanyembe, upande wa Tabora, na vitambaa na shanga kurudi. Biashara hiyo ndiyo iliyolitanguliza jina la kisiwa hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi kwenye ramani za Wazungu. Ilileta pia maradhi mageni na watumwa, na hofu ya uchawi ikapanda kadiri mali ilivyopanda. Jirani aliyetajirika ghafla alitazamwa kwa jicho lile. Hilo nalo halijatoka kisiwani, wala Tanga.

Machunda alitawala katika miongo ya kati ya karne hiyo hadi mnamo 1869, naye ndiye ninayempenda. Msafiri Henry Morton Stanley aliandika jinsi alivyosimuliwa kwamba Machunda alikuwa na kiboko aliyekuwa akitoka majini kila asubuhi kuja kukamuliwa maziwa. Nilimuuliza mzee kama ni kweli. Alinitazama kwa huruma.

"Wewe umeshamwona kiboko?"

Nikasema nimemwona.

"Ungemkamua?"

Nikasema hapana.

"Basi," akasema, akameza chai. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile, na bado sijui alikuwa ananikubalia au ananikatalia.

Mwanawe Machunda, Lukonge, ndiye aliyempokea Stanley mwaka 1875. Stanley alikuwa amewaacha watu wake Kageye, pwani ya kusini ya ziwa, na alihitaji mitumbwi ya kuwavusha kuelekea Buganda. Lukonge alimkirimu vizuri, akamkawiza, mwishowe akampa mitumbwi. Katikati ya kumkawiza alimvuta faraghani akamwomba siri za Ulaya. Hakuomba bunduki. Kwa maelezo ya Stanley, aliomba afundishwe kuwageuza watu kuwa simba na chui, kuwapa wanawake uzazi, na kuishusha mvua na kuizuia. Stanley ameandika kisa hiki ili wasomaji wake wacheke. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye baraza la ukoo huohuo, mwezi wa mvua bila mvua, na sikuona kichekesho. Kijana wa watu amerithi kiti chenye deni la mbingu, na mgeni amekuja kwa chombo cha ajabu kutoka mbali. Ungemwomba nini?

Miaka miwili baadaye mambo yaliharibika. Mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi kisiwani, aligombana na Lukonge, na wamisionari wawili Waingereza, Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill, wakawa upande wa Songoro. Desemba 1877 wote watatu waliuawa na watu wao wengi. Tangu hapo jina la Ukerewe likaandikwa Ulaya kwa wino mwekundu. Wajerumani walipokuja hawakuwa na subira na omukama wa namna hiyo. Mwaka 1895 walimwondoa Lukonge, wakamweka Mukaka wa ukoo huohuo. Kiti kilibaki kwa Abasilanga, ila sasa aliyeketi alikuwa amewekwa, na aliyemweka hakumdai mvua. Alimdai kodi.

Hapo ndipo naona ukoo ulipoanza kushuka, ingawa kwa macho ulionekana unapanda. Mukaka akamwachia Gabriel Ruhumbika, na Ruhumbika akafuatiwa na Michael Lukumbuzya. Majina ya ubatizo, shule, pamba, gari, nyumba hii ya baraza pana. Chifu, walimwita Waingereza, neno ambalo liliwatosha watawala wote wa Tanganyika kama kofia ya saizi moja. Nyumba iliongezeka ukubwa huku kazi ikipungua. Koo nyingine zilifukuzwa waziwazi. Kule Italia ukoo wa Este uliitawala Ferrara kwa karne nyingi mpaka mwaka 1598, Papa alipoutwaa mji kwa kuwa mrithi hakuwa wa ndoa halali. Waliondoka na vitu vyao, wakaacha ngome kubwa imezungukwa na maji, na watalii wanaipiga picha mpaka leo. Ukoo wa Bukindo haukufukuzwa hata hivyo. Mwaka 1963 sheria ilifuta uchifu nchi nzima, karatasi ikasainiwa Dar es Salaam, na Lukumbuzya akawa raia kama mimi.

Raia wa namna yake, lakini. Miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1960, Chifu Michael Lukumbuzya alikuwa Washington, balozi wa Tanzania nchini Marekani. Baba wa babu zake walivuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Ihangiro. Yeye akavuka Atlantiki kuiwakilisha jamhuri iliyomfuta. Nilimwambia mzee kwamba hilo linanishangaza. Yeye hakushangaa.

"Alikuwa amezoea wageni," akasema.

Ukoo ulikuwa na tawi jingine lisilo na nyumba kubwa. Aniceti Kitereza, mjukuu wa Machunda, alizaliwa mwaka 1896 Usukumani, ambako wazazi wake walikuwa uhamishoni. Baba yake alipokufa alirudishwa kisiwani, akalelewa karibu na omukama Mukaka, akasomeshwa na wamisionari wa Kagunguli. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, mtu na mkewe waliokosa mtoto, na ndani yake akaingiza kila kitu: jinsi ya kumchimbia kiboko shimo, jinsi ya kuchachusha pombe ya ndizi, jinsi mkwe anavyoombwa radhi. Hakupatikana wa kuichapa kwa Kikerewe. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, uzeeni, viungo vikimuuma, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981 kabla kitabu hakijamfikia mkononi. Nilitaka kwenda Kagunguli. Pancha ilikuwa imekula saa yangu moja, meli mbili, na jua lilikuwa linaelekea magharibi, sikufika. Nina nakala yangu nyumbani, jalada limeng'oka, na nilimwahidi mzee nitarudi nayo. Aliniambia niilete haraka maana macho yake hayasubiri.

Aliposimama kunisindikiza, wingu lilikuwa limekuja juu yetu kabisa. Upepo ulibadilika ukawa wa baridi, miti ikageuza majani yake upande mweupe, vumbi likajiviringa uwanjani. Matone matano au sita yalianguka juu ya ngazi, mazito kama sarafu, na harufu ile ya udongo uliolowa ikapanda, harufu ambayo ikiuzwa ningenunua chupa. Watoto walitoka mbio, mikono juu. Mzee alitoka barazani bila kofia akasimama. Tukangoja wote.

Basi. Matone yalikauka tukiyatazama. Wingu likaendelea na safari.

"Umekuja na wingu," mzee akaniambia, "mvua umeisahau Tanga." Akanipa mkono kwa mikono miwili, na machungwa manne kwenye mfuko wa rambo.

Tulirudi Nansio giza linaingia. Umeme ulikatika tukivuka sokoni, na mji mzima ukasema "aah" kwa sauti moja, kisha taa za simu zikaanza kuwaka. Nilikula pale pale nilipokula mchana. Mwenye mgahawa alilitambua shati langu kabla ya kunitambua mimi. Kichwa cha sato, alisema, ni cha mgeni, na mgeni anayekiacha atazungumzwa. Nikakinyonya mpaka mifupa ya mashavu.

Mezani palikuwa na redio ya betri. Baada ya taarifa ya habari mtangazaji akasoma utabiri wa hali ya hewa, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi: mikoa ya Kanda ya Ziwa, mawingu, mvua na ngurumo katika maeneo machache. Mwenye mgahawa alikuwa anapangusa sahani. Akaigeukia ile redio, mwiko mkononi.

"Tangu Jumatatu!" akaiambia. "Tangu Jumatatu unatuambia hivyohivyo. Huoni aibu?"

Mwanamume wa meza ya pembeni akamuunga mkono. Akasema redio hiyo ingekuwa mtu angeshaondolewa. Watu wakacheka, mmoja akasema ibadilishwe stesheni, mwingine akasema hata stesheni nyingine wanasoma karatasi ileile. Nje, majini, wavuvi wa dagaa walikuwa wameanza kuwasha taa zao, moja, tatu, kumi, mpaka ziwa likawa na mtaa mrefu kuliko Nansio yenyewe. Nyuma ya taa hizo, mbali, umeme wa radi ulimulika mara mbili bila sauti.

"Majita, kule ng'ambo," akasema mwenye mgahawa. "Wameichukua wao tena." Akaizima redio ili isimalize betri.